Mashine ya Katoni

Nikinusa sabuni ya kipande, ile ndefu ya manjano ambayo mwenye duka huikata kwa kisu kulingana na haja ya mteja, vidole vyangu huanza kutembea vyenyewe. Sivitumi. Mwezi uliopita nilikuwa Kisian nikitafuta kibarua cha kupanga bidhaa, na mwenye duka ndiyo kwanza alikuwa anafungua katoni mpya. Aliponiuliza nimewahi kufanya kazi wapi, nilitazama chini nikaona vidole vinane vimejipanga kwenye ukingo wa kaunta, vinagonga. Akaniuliza, "Una haraka, mathe?" Nikamwambia sina. Kwa kweli sina haraka popote. Nimeuza chai Bondo, nimefua mashuka ya gesti, nimefagia kliniki, nimebeba matofali, na kila mahali niliondoka kabla hawajanizoea. Lakini vidole vina haraka yao ya zamani, na vinaandika maneno ambayo hakuna mashine yoyote inayoweza kuyasoma.

Tulikuwa tunaishi Kaloleni, Kisumu, katika mojawapo ya zile nyumba za baraza la mji zenye kuta nene na madirisha madogo. Baba alikuwa amefunga tai tangu nilipopata akili. Tai yenyewe ilikuwa moja, ya kahawia, na Mama aliipiga pasi kila Jumapili jioni kama vile ni shati. Baba alituambia yeye ni karani wa taipu katika ofisi moja karibu na bandari, nasi hatukuwa na sababu ya kushuku. Alirudi kila jioni na wino vidoleni, mweusi, umeingia hadi kwenye mizizi ya kucha. Nilikuwa namtazama akinawa kabla ya chakula, maji yakibadilika rangi kwenye karai, na nikaamini kwamba herufi zinatoka kwenye vidole. Nilidhani karani huzaliwa nazo ndani, na kazi ya mashine ni kuzifinya zitoke. Mara nyingi nilivitazama vyangu, visafi, vya waridi kwenye ncha, nikajiuliza kama kuna kitu humo.

Nilipomaliza darasa la nane, barua ya kidato cha kwanza ilikuja pamoja na orodha ya vitu: godoro, sanduku, viatu jozi mbili, karo. Barua ikakaa juu ya kabati hadi shule zikafunguliwa, na ikaendelea kukaa. Hakuna aliyeniambia sitaenda. Siku moja niliona tu Mama amefunika kopo la chumvi kwa bahasha ya barua hiyo.

Ni Mama aliyeleta habari ya Madam. Alikuwa anauza mboga sokoni, na kanisani alikaa benchi moja na mwanamke aliyemjua Madam, mwenye darasa la taipu na uhazili juu ya duka la viatu mjini. Kila mwaka, baada ya likizo ya Agosti, Madam alichukua msichana mmoja bila karo. Angemfundisha uhazili wote, naye msichana amsaidie kuchapa barua za wateja. Sharti lilikuwa moja: msichana aje tayari anatumia vidole vyote, bila kutazama. Wasichana wa namna hiyo ambao hawajasoma chuo walikuwa wachache.

"Sasa si baba yake ndiye karani?" Mama alisema, akigawa ugali. "Huyu atafundishwa hapa hapa. Kina nani wengine wako na mwalimu ndani ya nyumba?"

Baba aliacha kutafuna. Nilidhani amepata mwiba wa samaki. Akanywa maji, akafuta mdomo, akasema, "Tutaanza Jumamosi, nyara." Hivyo ndivyo alivyoniita siku zote, binti yangu, kwa Kiluo.

Baba alinituma nikachukue katoni kwa Mama Njoki, jirani yetu aliyetoka Nyeri na mumewe miaka mingi nyuma na kufungua duka kwenye kona. Alikuwa mwanamke wa kucheka na kila mtu na kutompa mtu chochote. "Hiyo katoni nilikuwa nimewekea mayai," alisema, "lakini kama ni ya masomo, chukua. Ukikuwa mkubwa ofisini usinipitie kama hunijui." Ilikuwa katoni ya sabuni, na ilinuka hivyo hadi mwisho.

Baba aliikata upande mmoja, akaulaza mezani, akachukua kifuniko cha chupa ya soda na penseli, akaanza kuchora viduara. Mstari wa juu aliuchora haraka, akaujaza herufi bila kusita. Kisha akasimama. Akaweka penseli nyuma ya sikio, akatoka nje kana kwamba anakwenda msalani, akakaa huko. Aliporudi alijaza mistari miwili ya chini polepole sana, akitikisa midomo. Nilifurahi kuona anavyotunza kazi. Alipomaliza alipita juu ya kila herufi kwa kalamu ya wino, na tukawa na mashine.

Kujifunza kwenyewe kulikuwa namna hii. Baba alikaa mkabala nami na saa yake ya mkononi ameivua ameiweka mezani. Alitaja herufi, nami niligonga kiduara chake kwa kidole kinachostahili. Mwanzoni nilitafuta kwa macho, na nilipopata herufi kidole kisichofaa kilikuwa kimeshatangulia. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kilikataa kabisa kufanya kazi peke yake. Kila kilipoinama kilivuta jirani yake. Nililia kwa ajili ya kidole hicho. Baba alisema kila kidole ni kama mtoto wa shule, kiachwe kijue kiti chake.

Kuna jambo lililonishangaza wakati ule, na ambalo bado napenda kulifikiria. Neno lililonishinda jioni, nikalala nimelikasirikia, asubuhi lilikuwa limelainika. Sikuwa nimefanya lolote usiku kucha isipokuwa kulala. Ilikuwa kana kwamba mtu fulani ndani yangu alikesha akifanya mazoezi kwa niaba yangu. Nilimuuliza Baba ni nani huyo. Akasema, "Ni wewe tu. Kuna wewe ingine haipendi kutazamwa."

Baada ya wiki kadhaa nilikuwa sitafuti tena. Baba alitaja neno zima, na kabla sijalifikiria lilikuwa limekwisha. Mama alinifunga macho kwa leso, nikaendelea. Majirani wakaanza kuja kuniona jioni, wakisimama mlangoni na vikombe vyao. Mama Njoki alikuja na kipande cha gazeti alichofungia sukari, akasoma kwa sauti sentensi kuhusu bei ya mahindi, nami nikaigonga yote kwenye katoni, tap tap tap, mpaka nukta.

"Sahihi," Baba akasema.

"Na mimi nitajuaje?" Mama Njoki akauliza. "Pengine ameandika matusi."

Watu walicheka sana. Nami nilicheka ndani ya leso. Baba pia alicheka, lakini nakumbuka alikuwa wa mwisho kuanza.

Mvua ndefu ilipoanza, Baba alibadilika. Alichelewa kurudi. Akiwa nyumbani hakuitazama katoni. Nikiiweka mezani alihamia kiti cha dirishani. Nilipomwomba anitajie maneno alisema, "Pumzika kidogo. Vidole pia huchoka." Halafu chakula cha mchana alichofungiwa na Mama, viazi au githeri kwenye mkebe, kikaanza kurudi kizima.

"Kuna mtu anakupikia huko?" Mama alimuuliza siku moja, akifungua mkebe.

"Nani anipikie mimi?"

"Ndiyo nauliza."

"Kazi ni mingi," Baba akasema. "Saa ya kula inapita."

Mama alifyonza na kumwaga githeri kwenye sufuria ili ipashwe moto. Mimi nilielewa tofauti na wote wawili. Niliamini Baba ameridhika nami. Kwamba hakuna tena cha kunifundisha, na mwalimu aliyemaliza kazi yake hutazama dirishani. Kwa hiyo nilifanya mazoezi peke yangu, asubuhi na jioni, na kila siku vidole vyangu viliingia ndani zaidi ya viduara vile. Kama angetaka kunizuia, kila siku aliyonyamaza ilikuwa inaongeza kazi ya kunirudisha.

Siku ya jaribio ilifika wakati watu wanavuna mahindi. Baba alinisindikiza hadi chini ya ngazi za Madam. Alikuwa anatoa jasho. Akafungua mdomo, akaurekebisha ukosi wa gauni langu, akasema, "Vidole visikimbie sana, nyara." Kisha akaenda kazini.

Juu kulikuwa na chumba kirefu chenye mashine kumi hivi, na wasichana wamekaa wima kama kwaya. Madam alikuwa mwanamke mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi shingoni. Alinikalisha kwenye mashine ambayo juu ya vitufe vyake kulikuwa na kibao kidogo cha mbao, ili mikono iingie chini yake na macho yasione. Akanionyesha jinsi ya kurudisha mkono wa mashine mstari ukiisha, akaanza kusoma barua fulani ya biashara. Nami nikaanza kugonga.

Sikuwa nimewahi kugusa mashine ya kweli. Vitufe vilikuwa vizito na vilizama, na sauti yake iliniingia hadi mabegani. Nilisikia furaha ambayo sijaisikia tena tangu siku hiyo. Kengele ikalia mwisho wa mstari, nikadhani ni ya kunipongeza. Nilikwenda mbio. Madam aliacha kusoma kabla ya mwisho wa ukurasa, akatoa karatasi, akaitazama, akaigeuza kana kwamba pengine iko juu chini. Kisha akanipa.

Mahali nilipoandika Kisumu palikuwa pameandikwa Livuxu. Yote yalikuwa hivyo, mstari baada ya mstari, maneno ya lugha ya watu wasiokuwepo.

"Madam," nikasema, "hii mashine ina shida."

Akainua kibao. Nikaona. Mstari wa juu ulikuwa ule ninaoujua. Mistari miwili ya chini ilikuwa imevurugwa.

"Imepangwa vibaya," nikasema.

Wasichana wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Basi zote kumi zimepangwa vibaya. Tungoje atuletee yake." Madam aliwanyamazisha kwa mkono, akavaa miwani, akakaa karibu nami. Alipitisha penseli juu ya karatasi yangu kwa muda mrefu.

"Mtu akikosea hukosea ovyo," alisema hatimaye. "Wewe K yako ni L kila mahali. S yako ni V kila mahali. Hujakosea hata mara moja, msichana. Umefundishwa vizuri sana kitu ambacho hakiko. Ni nani alikufundisha?"

"Baba. Yeye ni karani wa taipu."

Madam alinitazama juu ya miwani. Alisema mikono yangu ni mizuri, na kwamba kuna msichana mwingine ambaye angeweza kuchukua nafasi ile leo, lakini atamngojesha. Nirudi baada ya wiki mbili. "Ukiweza kuzigeuza, nafasi ni yako. Usipoweza, sitakuwa na la kufanya."

Nyumbani Baba alikuwa ametangulia kufika, jambo lisilo la kawaida. Nilieleza yote. Mama aliweka kisu cha mboga chini.

"Hiyo mashine ya Madam lazima ni ya kampuni ingine," Baba akasema. "Zetu huko ofisini ziko tofauti. Mimi singejua, nyara. Ningejuaje?"

"Basi mchoree kama ya Madam," Mama akasema.

Nikaenda tena kwa Mama Njoki. Baba akakata, akalaza, akachora viduara. Nilisimama karibu naye nikiwa tayari kumwambia nilichokiona, maana niliyeiona mashine ya Madam ni mimi. Hakuniuliza. Mstari wa juu, wa katikati, wa chini: alizijaza herufi zote kwa pumzi moja, bila kusimama, bila kutoka nje, bila kutikisa midomo. Nililiona hilo na bado sikulielewa. Mtoto anaweza kuona kitu wazi kabisa na asijue amekiona.

Jioni iliyofuata alikaa mkabala nami, akaanza kutaja herufi. Nilikuwa natazama katoni mpya, natafuta, nakosea, narudia. Mara nikainua macho kupumzika. Mikono ya Baba ilikuwa juu ya magoti yake. Alisema K, na kidole cha mkono wa kulia kikagonga goti. Alisema S, kidole cha kushoto kikagonga. Hakuwa anavitazama. Sidhani alijua vinafanya hivyo. Kidole kilitangulia na sauti ikafuata, kila mara, na kila mara kiligonga pale Madam angetaka.

Sasa, kitu nilichokijua kuliko mtoto yeyote wa Kaloleni ni hiki: vidole havijui namna hiyo kwa siku moja. Wala wiki. Nilikuwa nimelia wiki nyingi kufika pale.

Nilinyanyuka nikachukua leso ya Mama mgongoni mwa kiti. "Baba, hebu na wewe."

"Hebu nini?"

"Nikufunge macho."

"Mimi ni mtu mzima, nyara."

"Mwache akufunge," Mama akasema kutoka jikoni. "Ndiyo aone vile wakubwa hufanya."

Alikubali. Labda aliona aibu kukataa. Labda, na hili ndilo ninalolidhani zaidi, alitaka mtu amwone. Nilifunga leso, nikaisukuma katoni mpya chini ya mikono yake, nikamtajia Kisumu. Nikamtajia barua yote ya Madam kwa kadiri nilivyoikumbuka. Nilivifuata vidole vyake kwa macho. Havikukosea. Vilikwenda kwa mwendo mzuri, mwepesi, mwendo niliokuwa nao mimi juu ya katoni ya kwanza. Mama alikuja akasimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Tangu lini?" nikauliza.

Vidole vilisimama. Hakuitoa leso. Alizungumza akiwa amefungwa macho, na nafikiri hiyo ndiyo sababu aliweza.

"Mimi si karani," alisema. "Mimi ni mesenja. Napeleka barua, nazungusha ile mashine ya kutoa nakala. Wino ni ya hiyo. Karani wetu alianza kuniruhusu nikae kwa mashine mchana, akienda kula. Siku ya kwanza kukaa, nikaona ile niliyokuchorea haiko sawa. Ile ya juu nilikuwa nimeishika kwa kichwa. Hizo zingine nilizipanga tu vile alfabeti inaenda."

"Siku ya kwanza ilikuwa lini?"

"Mvua ikianza."

Mvua ilikuwa imeanza, ikanyesha, ikaisha, na mahindi yalikuwa yameshavunwa.

Mama alisema, "Umesenja haujaniuma. Hiyo ni kazi. Nauliza mtoto. Ulimwona hapa kila jioni akigonga."

"Alikuwa anaenda mbio. Watu walikuwa wanakuja kumwona. Nikasema nitamwambia wiki ijayo." Alikuwa bado ameelekeza uso kwenye katoni. "Halafu ningewaambia nini? Kwamba nimegundua leo? Mngeuliza miaka hiyo yote nimekuwa nikichapa na nini. Nikaona nijifunze kwanza. Nikishakuwa karani kweli, ndiyo nimrekebishe."

Sikulia. Nilikuwa nahesabu chakula: kila mkebe uliorudi kizima, siku ile yeye alikuwa anajifunza mashine ya kweli, nami nyumbani najifunza ya uongo, kwa bidii, ili nimpendeze.

Miaka mingi baadaye nilifagia kliniki moja ya magonjwa ya kichwa, mji mwingine. Kulikuwa na mashine ya kusoma umeme wa ubongo, na kijana aliyeiendesha alipenda maswali yangu kwa sababu wagonjwa hawakumwuliza kitu. Siku moja isiyo na watu alinivisha kofia ya nyaya, akanipa kitufe, akasema nikibonyeze nitakapojisikia. Baadaye akanionyesha mistari. Kabla ya kila mbonyezo, mstari ulikuwa umeshaanza kupanda taratibu. Alisema kichwa huanza kujiandaa kabla mwenyewe hajajua ameamua. Nikamwuliza, na mtu aliyefundishwa kitu kibaya, kichwa chake hujiandaa kwa lipi? Akacheka, akasema hilo ni swali la watu wa chuo. Lakini aliniambia jambo moja lililobaki nami: mwili ukishajifunza, ni vigumu sana kuusahaulisha. Unachoweza ni kuweka kingine juu yake, kwa miezi, na kile cha chini hubaki kinangoja uwe na haraka.

Katika zile wiki mbili sikujua hayo, ila niliyaona. Nikienda polepole, nikitamka kila herufi kwa mdomo kama mtoto wa chekechea, niliipata katoni mpya. Baba alipoweka saa mezani, vidole vilirudi kwao. Niliviona vikienda. Nilikuwa nimeshajua mahali pa kweli, napajua kama ninavyojua jina langu, na bado kidole kilikuwa kimekwisha kuondoka. Baba alitaja herufi kwa sauti ya upole mno. Nilichukia upole ule. Nilimwambia aweke mikono chini ya meza ili nisiione.

Siku ya pili ya Madam, Baba aliomba ruhusa kazini akapanda nami hadi juu. Yule msichana mwingine alikuwa ameketi kwenye benchi karibu na mlango, mkoba magotini. Madam akasoma, nikagonga. Nusu ukurasa ya kwanza ilikuwa safi. Niliandika kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Kisha Madam akatazama saa ya ukutani, nami nikasikia kwamba ametazama. Niliongeza mwendo kidogo tu. Mikono ikanipokonya kazi.

Madam alitoa karatasi. Juu barua, chini Livuxu. Akailaza mezani.

"Ningekuwa na miezi mitatu ningekungoja," alisema. "Sina. Barua za wateja zinanirundikia."

Baba akasimama. Alikuwa amevaa ile tai. "Madam, kosa si lake. Mimi ndiye nilimchorea. Muongezee siku, anaweza kutoka kwa hiyo. Mimi mwenyewe nilitoka." Akanionyesha kwa kidevu. "Nipime mimi, uone kama nasema uongo."

Aliyasema hayo kwa ajili yangu. Nataka nimtendee haki: alipokaa kwenye kile kiti, alikaa kwa ajili yangu. Madam aliingiza karatasi mpya, akasoma barua ile ile, na Baba akaanza. Wasichana waligeuka. Sikuwa nimewahi kumsikia akichapa. Nilikuwa nimemwona tu juu ya katoni, bila sauti. Kwenye mashine ya kweli ilikuwa kama mvua juu ya mabati, haizidi wala haipungui. Bega lake lilikuwa limelegea na uso wake umepoa, na nikagundua kwamba sikuwa nimewahi kumwona akifanya jambo analoliweza.

Madam alisoma ukurasa wake mara mbili. Hakukuwa na kosa.

"Ulisoma wapi?"

"Mchana, Madam. Watu wakienda kula."

Madam akavua miwani, ikaning'inia. Alitazama rundo la barua kwenye meza yake, akamtazama msichana wa benchi, kisha Baba. "Msichana nitamchukua huyu," alisema. "Lakini yeye ataanza mwanzo, na mimi nahitaji mchapaji sasa. Si mesenja, mchapaji. Unaweza kuanza Jumatatu?"

"Naweza, Madam," Baba akasema.

Kisha akanigeukia.

Nimeurudia mfuatano huo mara nyingi kuliko jambo lingine lolote maishani mwangu: neno kwanza, shingo baadaye. Nafasi kati yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu kupepesa macho, lakini nilikuwa mtoto niliyejifunza kuvitazama vidole vyake na niliiona. Alipokuwa ananitazama, uso wake ulikuwa unatafuta cha kuniambia, na ulikuwa bado haujakipata. Sidhani alikusudia. Sidhani alikuwa hata amelisikia jibu lake mwenyewe. Ila miezi minne ya mchana alikuwa anajiandaa kwa neno hilo moja, na lilipoitwa lilitoka.

Nilisema, "Hongera, Baba," kwa sababu ndivyo tulivyolelewa.

Madam alikuwa ameshamwekea barua ya mteja mbele yake ajaribu mkono, na yeye, bila kujua afanye nini kingine na mikono yake, akaanza kuichapa. Msichana wa benchi alinisogezea miguu nipite. Nilishuka ngazi. Hata barabarani, chini ya dirisha, niliendelea kumsikia, mwendo ule ule, hakosei, na nilipofika kona nikakata upande usiokuwa wa nyumbani.